Msokoto wa Mawe na Msokoto wa Uhai

Mwanzoni mwa mwaka 1860 Louis Pasteur alitoa mihadhara miwili mbele ya Chama cha Kemia cha Paris, na ndani yake akaweka mpaka uliodumu kuliko hoja zilizouzaa. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo alikuwa amechambua kwa mkono chembe za chumvi ya asidi inayotokana na zabibu, akatenga zilizoelekea kulia na zilizoelekea kushoto kama taswira za kiooni. Alipoyeyusha kila fungu katika maji, moja liligeuza nuru upande wa kulia na la pili upande wa kushoto. Fuwele zilikuwa zimekwisha kuyeyuka, basi ukulia na ukushoto huo haukuweza kuwa mali ya fuwele. Ulikuwa umo ndani ya molekuli. Kutoka hapo Pasteur aliruka hadi kwenye dai kubwa zaidi: molekuli za namna hii hutengenezwa na viumbe hai, na madini hayanazo. Palikuwa na shahidi mmoja msumbufu, jiwe la kwatzi, ambalo halina uhai na bado hugeuza nuru. Pasteur alimjibu shahidi huyo kwa mfano wa ngazi inayopanda kwa kuzunguka. Ngazi hiyo, alieleza, inaweza kujengwa kwa matofali ya mraba ambayo hayana mzunguko wowote. Ukiibomoa, mzunguko unatoweka na unabaki na matofali tu. Ndivyo ilivyo kwatzi: msokoto wake ni wa mpangilio, si wa kitu kilichopangwa. Mfano huo ni mzuri, na kwa kwatzi una ukweli mwingi. Lakini mpaka wenyewe uliwekwa mahali pasipo pake. Miongoni mwa elementi sahili kabisa za dunia mna minyororo iliyojisokota yenyewe, atomi kwa atomi, bila msaada wa kiumbe chochote. Tena wanasayansi waliijua misokoto hiyo miaka mingi kabla ya kuiona ile ya protini, na mazoea waliyoyapata kwenye mawe ndiyo yaliyochangia kuwafumba macho.

Kwatzi inastahili kuelezwa kwanza kwa sababu ndiko wazo lilikoanzia. Nuru ya kawaida hutikisika pande zote. Ikichujwa kwa namna fulani inabaki ikitikisika katika bapa moja. Mwaka 1811 François Arago aliona kwamba nuru hiyo iliyochujwa, ikipita ndani ya kipande cha kwatzi kilichokatwa sawasawa, hutoka bapa lake likiwa limegeuka. Jean-Baptiste Biot akaendeleza kazi hiyo na kukuta kwamba vipande vingine hugeuza kulia na vingine kushoto, kwa kiasi kilekile. Kiasi hicho si kidogo: kwa nuru ya manjano ya taa ya sodiamu, milimita moja tu ya kwatzi hugeuza bapa kwa karibu nyuzi 22. Kisha John Herschel akaunganisha jambo hilo na umbo la nje: vijiuso vidogo vilivyoinama kwenye pembe za fuwele huelekea upande unaolingana na ule ambao nuru hugeukia. Augustin Fresnel, aliyekuwa na kipaji cha kuona mitambo ndani ya nuru, alipendekeza kwamba huenda chembe za jiwe zimejipanga kwa msokoto. Mwaka 1869 Mjerumani aitwaye Reusch alilijaribu wazo hilo kwa vifaa rahisi mno. Alichukua vipande vyembamba vya ulanga, ambao peke yake haugeuzi nuru namna hiyo, akavipanga kimoja juu ya kingine huku akikizungusha kila kimoja kwa pembe ileile. Rundo lake likageuza nuru kama kwatzi. Miaka kumi baadaye Leonhard Sohncke aliingiza msokoto katika hesabu ya fuwele, akaorodhesha njia 65 za kurudufisha kitu angani bila kukipindua kiooni, nyingi zikiwa na mwendo wa kuzunguka huku ukisogea mbele, kama parafujo inavyoingia kwenye mbao. Ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na sharti litakaloleta matata baadaye: ili mpangilio ujirudie na kujaza nafasi, mzunguko mmoja lazima ugawanyike katika hatua mbili, tatu, nne au sita. Tano hairuhusiwi, saba hairuhusiwi, na sehemu za namba haziingii kabisa.

Wakati huo ndugu wawili walikuwa wamekaa kwenye rafu za maabara bila mtu kujua kilichomo ndani yao. Mkubwa, teluri, aligunduliwa mwaka 1782 na Franz-Joseph Müller katika madini ya dhahabu ya Transylvania, akamsumbua sana, kwa maana alifanana na metali na bado hakuwa na tabia ya metali yoyote iliyojulikana. Martin Klaproth ndiye aliyempa jina, mwaka 1798, kutokana na neno la Kilatini la dunia. Mdogo, seleni, alipatikana mwaka 1817 ndani ya mabaki ya kiwanda cha asidi ya salfa nchini Sweden. Jöns Jacob Berzelius alidhani kwanza ni teluri, na alipotambua kosa lake akamwita kwa jina la Kigiriki la mwezi, ili aende sambamba na dunia. Kumbe kosa lenyewe lilikuwa na maana, kwa kuwa fuwele za hawa wawili zimejengwa kwa ramani moja, na wakiyeyushwa pamoja huchanganyika kwa uwiano wowote. Seleni ilipata umaarufu mwaka 1873 pale Willoughby Smith, mhandisi wa nyaya za simu za baharini, alipotangaza kwamba upitishaji wake wa umeme hupanda ikimulikwa. Dunia ya ufundi ilishangilia, na Alexander Graham Bell akaitumia kupeleka sauti kwa mwanga mwaka 1880. Hakuna aliyeuliza atomi zake zimeshikanaje, wala hapakuwa na chombo cha kuulizia.

Chombo kilikuja na eksirei. William Lawrence Bragg na baba yake walikuwa wameonyesha, kuanzia mwaka 1913, jinsi madoa yanayoachwa na eksirei zilizopita kwenye fuwele yanavyoweza kusomwa hadi mahali pa kila atomi. Huko Manchester, katika idara aliyoiongoza Bragg mdogo, kijana Albert James Bradley alizichunguza seleni ya kijivu na teluri, na mwaka 1924 akachapisha matokeo. Atomi zilikuwa zimepangika katika mistari mirefu iliyojisokota, mistari yote ikielekea upande mmoja wa fuwele, na katika kila mstari atomi tatu zilitimiza mzunguko mmoja; ya nne ilisimama juu kabisa ya ya kwanza. Kila atomi ilishikana na mbili tu, ya mbele yake na ya nyuma yake. Hapa mfano wa Pasteur unaanza kuvunjika. Katika kwatzi bondi za silikoni na oksijeni huenea pande zote kama wavu mmoja, na msokoto ni njia ambayo jicho letu hujichagulia ndani ya wavu huo. Katika seleni njia haina mbadala: ukitembea kwenye bondi, utasokotwa tu. Sinaba, yale madini mekundu ya zebaki na salfa, ilikuja kuonyesha jambo lilelile kwa upande wa michanganyiko: zebaki na salfa zinapokezana katika mnyororo uliojisokota kwa hatua tatu. Tena Alfred Des Cloizeaux alikuwa amekwisha kugundua mwaka 1857, kabla ya mihadhara ya Pasteur, kwamba sinaba hugeuza nuru zaidi ya mara kumi kuliko kwatzi.

Sababu ya msokoto haihitaji uchawi. Salfa, seleni na teluri zina elektroni sita za nje kila moja. Mbili hutumika kushika majirani wawili. Nne zinazobaki hukaa katika jozi mbili zisizoshirikiana na mtu. Bondi mbili za atomi moja hukutana kwa pembe ya karibu nyuzi 103 katika seleni na teluri, kwa hiyo mnyororo haunyooki. Ungeweza basi kupinda kushoto na kulia kwa zamu huku ukibaki umelala kwenye bapa moja. Lakini hapo jozi za elektroni za atomi jirani zingetazamana uso kwa uso, nazo husukumana. Nafuu hupatikana pale kila bondi inapogeuka karibu nyuzi mia kutoka bapa la zile zilizotangulia. Ukigeuka upande uleule kila hatua, unapata msokoto usio na mwisho. Ukibadilisha upande kwa zamu, kulia kisha kushoto, mnyororo unajifunga na kuwa pete. Salfa ya kawaida ya manjano imechagua pete za atomi nane. Seleni inaweza yote mawili, ingawa msokoto ndio unaotulia zaidi. Teluri karibu haijui pete. Poloni, inayofuata chini yao, imeachana na mchezo huo: atomi zake zimekaa kwenye pembe za mchemraba, kila moja na majirani sita walio sawa.

Poloni ndiyo inayoleta pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Kama ukiivuta kidogo tu teluri kuelekea umbo la poloni misokoto inatoweka, je, tuna haki ya kuita mistari ile minyororo? Vipimo vinaonekana kumuunga mkono mpinzani. Ndani ya mnyororo wa teluri atomi mbili zinazoshikana zimeachana pikometa 284, na kutoka mnyororo mmoja hadi jirani ni pikometa 349. Pengo hilo ni dogo kuliko lile tunalolitegemea kati ya atomi za teluri zinazogusana tu bila kushikana, ambalo ni zaidi ya pikometa 400. Kwa hiyo minyororo inashikana ubavuni, na mtu anaweza kusema kwamba msokoto ni hila ya fuwele nzima, kama ngazi ya Pasteur. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Katika teluri minyororo haijitengi kikamilifu, na ndiyo maana inapitisha umeme vizuri kuliko seleni, ambayo vipimo vyake ni 237 na 344. Ila jaribio la Pasteur lilikuwa kubomoa ngazi na kutazama kinachobaki, na jaribio hilo limefanyika. Seleni iliyoyeyushwa haibaki rundo la atomi moja moja. Ni kimiminika kizito cha minyororo mirefu, na ikipozwa haraka huganda kama kioo chenye minyororo hiyohiyo ikiwa imevurugika. Kuhusu teluri, mwaka 2020 watafiti waliripoti kwamba wameifungia ndani ya vijibomba vya kaboni na vya boroni naitridi, hadi kufikia mnyororo mmoja mmoja, mbali na jirani wowote wa kuushikilia.

Salfa hutoa ushahidi ulio wazi zaidi, na mtu yeyote aliyefanya jaribio la shule la kuichemsha ameuona. Ikiyeyuka huwa maji ya manjano yanayotiririka, kwa sababu pete za atomi nane huteleza. Ikipita nyuzi 159 hivi za Selsiasi hubadilika ghafla kuwa kahawia na nzito, ikifikia uzito wa juu karibu na nyuzi 187, kiasi kwamba ukipindua chombo haimwagiki upesi. Pete zimefunguka na kuungana ncha kwa ncha katika minyororo ya malaki ya atomi. Imwage kwenye maji baridi na utapata kitu laini kinachovutika kama mpira. Vuta nyuzi zake, osha pete zilizobaki kwa kaboni disalfidi ambayo haiwezi kuyeyusha minyororo, kisha pitisha eksirei: madoa yanaonyesha mpangilio wa minyororo mirefu. Watu walizipiga picha hizo tangu miaka ya 1930 na kugombana juu ya maana yake. Mwaka 1949 Linus Pauling aliandika makala juu ya uthabiti wa pete ya salfa na umbo la nyuzi hizi. Alianzia kwenye pembe ambazo bondi za salfa huzipenda, akaacha hesabu imwongoze, na ikampeleka kwenye msokoto.

Utaratibu huo wa Pauling ndio kiini cha jambo, na unaeleweka vizuri ukilinganishwa na kilichotokea Cambridge wakati huohuo. Mwaka 1950 Bragg, sasa akiwa mkuu wa Maabara ya Cavendish, pamoja na John Kendrew na Max Perutz, walichapisha makala ndefu wakipima kila namna ambavyo mnyororo wa protini ungeweza kujipanga. Misokoto walikuwa nayo mingi. Yote ilikuwa na idadi kamili ya viungo kwa mzunguko: miwili, mitatu, minne. Jibu la kweli halikuwemo. Mwaka 1951 Pauling, akiwa na Robert Corey na Herman Branson, alitangaza msokoto wa alfa, wenye viungo 3.6 kwa mzunguko. Bragg aliumia sana kwa kushindwa huko, na wanahistoria kwa kawaida hutaja kosa la kemia: timu ya Cambridge haikujua kwamba bondi fulani ya protini ni bapa na haizunguki. Hilo ni kweli, na bila kulirekebisha wasingefika. Lakini kosa la pili, la namba kamili, lina asili yake, na asili hiyo ni mawe. Bragg alikuwa amekulia kwenye fuwele ambamo msokoto na mhimili wa ulinganifu vilikuwa kitu kimoja. Seleni na teluri zilisomwa idarani mwake Manchester, na zilikuwa na atomi tatu kwa mzunguko bila kasoro. Kila msokoto uliowahi kupita mikononi mwa wasomaji wa fuwele ulikuwa umetii sharti la Sohncke, kwa hiyo sharti la fuwele likachukuliwa kuwa sheria ya mnyororo.

Mpinzani wa pili atasema hapa ninafunga uhusiano usiokuwepo. Msokoto wa protini hushikiliwa na bondi za hidrojeni kati ya mzunguko mmoja na unaofuata. Ule wa seleni hutokana na jozi za elektroni zinazosukumana. Sababu ni mbili tofauti, na kufanana kwa maumbo si ukoo. Sibishani na hilo. Sidai kwamba protini ilirithi chochote kutoka teluri, wala kwamba uhai umetoka kwenye sinaba. Madai ya namna hiyo yapo na hayana mguu wa kusimamia. Ninachodai ni kuhusu akili za watafiti na jiometri iliyo chini ya yote. Kitu chochote kinachojirudia kwa hatua moja isiyobadilika, hatua yenye kugeuka na kusogea, kitazaa msokoto, kiwe atomi ya seleni au kiungo cha protini. Msokoto basi hauhitaji uhai. Unahitaji kujirudia tu. Na kama unategemea kujirudia, hakuna sababu yoyote hatua zitimize mzunguko kwa namba kamili, isipokuwa majirani wa fuwele wakiulazimisha. Pauling aliweza kuona hivyo kwenye protini mwaka 1948 alipokuwa mgonjwa kitandani Oxford akikunja karatasi, na mwaka uliofuata akachapisha hoja ya pembe kuhusu salfa.

Mawe yenyewe yalikuja kuthibitisha kwamba namba kamili haikuwa sheria yao pia. Mwaka 1966 F. Tuinstra, huko Uholanzi, alichapisha umbo la salfa ya nyuzi: atomi kumi katika mizunguko mitatu, yaani tatu na theluthi kwa kila mzunguko, na minyororo ya kulia na ya kushoto ikikaa pamoja katika fuwele moja. Chanzo chake ni kidogo mno. Mgeuko wa bondi za salfa ni karibu nyuzi 85 badala ya zile mia na kitu za seleni, na tofauti hiyo inatosha kuutoa mnyororo nje ya orodha ya Sohncke. Baadaye wanakemia wa Ujerumani walionyesha kwamba hata elementi isiyo ya ukoo huo inaweza kufanywa ijisokote. Fosforasi ina elektroni tano za nje. Ipe moja kutoka kwa sodiamu au potasiamu, nayo inakuwa na sita kama salfa, na katika michanganyiko hiyo ya nusu kwa nusu atomi za fosforasi hujipanga katika minyororo ya msokoto. Wazo la kuhesabu elektroni hivyo ni la Eduard Zintl, na sijui kanuni nyingine rahisi namna hiyo inayotabiri maumbo mengi namna hiyo. Kilele kilikuja mwaka 2016, pale kundi la Tom Nilges katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich lilipotangaza mchanganyiko wa bati, iodini na fosforasi, mmoja kwa mmoja kwa mmoja. Ndani yake mnyororo wa fosforasi umejisokota, na mnyororo wa bati na iodini umejisokota kuuzunguka, misokoto miwili ndani ya kitu kimoja kisicho na kaboni hata chembe. Fuwele zake ni sindano ndefu zinazopindika bila kuvunjika, na ni nusupitishi.

Kwa hiyo dai la kwanza la Pasteur, kwamba ukulia na ukushoto wa molekuli ni wa viumbe, halikusalimika. Alfred Werner alikuwa amekwisha kulipiga mwaka 1914 kwa kutenga taswira mbili za molekuli ya kobalti isiyo na kaboni. Lililobaki ni dai dogo na gumu zaidi: viumbe hutumia upande mmoja tu, wakati mawe hutengeneza pande zote mbili kwa usawa. Yeyusha seleni mara elfu na uigandishe; fuwele za kulia na za kushoto zitapatikana kwa wingi ulio sawa. Hata hili si ukuta imara. Mwaka 1990 Dilip Kondepudi na wenzake walionyesha kwamba maji yenye chumvi ya sodiamu kloreti yakikorogwa chumvi hiyo inapoganda, karibu fuwele zote za chombo kimoja huelekea upande mmoja, maana fuwele ya kwanza huvunjwavunjwa na kuzaa nyingine za aina yake. Upande upi, ni bahati. Na mwaka 2014 kundi la Gil Markovich huko Tel Aviv liliripoti kwamba chembe ndogo za seleni na teluri, zikikuzwa mbele ya molekuli za kibiolojia zilizoelekea upande mmoja, hufuata upande huo katika msokoto wa atomi zake na hata katika umbo lake la nje. Teluri ilikuwa na msokoto tangu mwanzo. Molekuli zile ziliamua tu iuzungushe kulia au kushoto.